Mnafiki Asikilizwe Kwanza

Mtahiniwa akiulizwa swali la unafiki, huandika kwamba mhusika fulani ni mnafiki kwa kuwa anasema hili na kutenda lile. Jibu ni sahihi. Ninalitia alama na kufungua karatasi inayofuata. Hata hivyo, hubaki nikishuku kwamba mtahiniwa huyo hakumwamini mhusika hata kwa dakika moja. Alimjua kuwa mnafiki kabla ya kufungua kitabu, kwa sababu mwalimu alishamwambia.

Kosa hilo nimewahi kulifanya mimi pia, na aliyenizindua ni pasi. Likizo moja ya Desemba, macho yakiwa yamechoshwa na miandiko ya watu, nilianza kusikiliza kitabu cha sauti huku nikinyoosha mashati. Kilikuwa Elmer Gantry, riwaya ya kejeli ya Mmarekani Sinclair Lewis. Ilichapishwa 1927 na kupigwa marufuku mjini Boston. Mwaka wa 1930 Lewis akawa Mmarekani wa kwanza kupata Tuzo ya Nobel ya Fasihi. (Si kitabu chako teule, kwa hivyo usije ukakitaja katika Karatasi ya Tatu!)

Gantry tunakutana naye akiwa mlevi chakari. Ana umbo kubwa, sauti nzito na tamaa zisizo na breki. Anaingia katika uhubiri kwa sababu amegundua utamu wa kushangiliwa. Anafukuzwa chuo cha theolojia, anauza zana za kilimo, anazunguka na mhubiri Sharon Falconer katika mikutano ya injili, na hatimaye anapewa kanisa kubwa la Kimethodisti katika jiji la Zenith.

Silaha yake kuu ni hotuba moja kuhusu upendo. Ameiiba kwa Robert Ingersoll, msemaji maarufu wa karne ya 19 aliyejulikana kwa kuupinga ukristo waziwazi. Kinaya gani kinachozidi hicho? Waumini wanalia kwa maneno ya mtu wasiyeweza kumruhusu mlangoni. Nilikuwa ninajua yametoka wapi. Lakini msomaji alipoyatamka kwa sauti ya Gantry, polepole, akipanda na kushuka, mkono wangu ulisimama na shati likaanza kunuka moto. Nilikuwa mmoja wa waumini wake. Hotuba hiyo inaporudi sura nyingi baadaye, sikio linaitambua kabla ya akili, na aibu inayokupata hapo ndiyo kejeli yenyewe. Katika ukurasa ningeiita takriri na kupiga mstari.

Ndiyo maana nashikilia kwamba riwaya ya kejeli isikilizwe, hata kama ni mwenzako anayekusomea chini ya mti. Swali la muktadha wa dondoo lina alama 4: nani anasema, anamwambia nani, wapi, kwa nini. Anayesikiliza hujiuliza maswali hayo bila kuagizwa, la sivyo atapotea njiani.

Sauti nayo ina hila zake. Msomaji akikoleza kicheko mahali fulani, amekuamulia jambo ambalo Lewis alikuachia wewe. Tena sauti haina ukurasa wa kurejelea, na majina uliyoyasikia tu utayaendeleza vibaya. Kwa hivyo rudi kwenye kitabu, penseli mkononi. Kusikiliza peke yake hakukutoshi mbele ya mtahini.

Wapo watakaosema kwamba riwaya kama hii inaitukana dini. Niliwahi kudhani hivyo. Kisha nikamsikia mzee Andrew Pengilly, mchungaji wa kijijini asiye na makuu, akimwuliza Gantry swali moja la upole kuhusu imani yake, na yule bingwa wa maneno akaishiwa. Frank Shallard naye ana shaka nyingi lakini hadanganyi mtu, na anapigwa vibaya kwa sababu hiyo. Lewis anajua kutenganisha.

Mwishoni Gantry amenusurika kashfa ambayo ingemmaliza. Anapiga magoti mbele ya waumini, anaomba kwa machozi, na katikati ya sala jicho lake linaangukia vifundo vya miguu ya mwanakwaya mgeni. Msimulizi hachekeshi wala halaumu, anaendelea tu na sala. Nilirudisha nyuma mara mbili nikidhani msomaji ameongeza lake. Hakuwa ameongeza chochote.