Kofia Kwanza, Fimbo Baadaye
Jioni moja wiki hii, pale Igogwe, watoto waliotoka shule walikuwa wakipigana kwa mabua ya mgomba, ngao zao vifuniko vya ndoo. Pigo la begani liliacha utomvu tu kwenye shati; lakini mmoja alipoguswa karibu na jicho, wote walinyamaza, na mwandishi wa safu hii naye moyo ulimruka. Makunduchi, kusini mwa Unguja, wanaijua hatari hiyo. Kila Julai, kwenye Mwaka Kogwa, wanaume hupigana ili kumaliza vinyongo vya mwaka, na siku hizi hushika mabua ya mgomba badala ya fimbo. Silaha ikizidi ugumu, kinga nayo iimarishwe. Chama cha SCA, kilichoanzia Berkeley, Marekani, mwaka 1966, kwa mapigano yanayoigiza Ulaya ya zamani, hutumia fimbo nene za henzirani. Ndiyo maana hata anayeanza haingii uwanjani bila kofia ya chuma, kinga ya shingo, figo, viwiko, magoti, mikono na sehemu za siri. Nafasi kati ya nondo za usoni mwa kofia hiyo haziruhusu hata kijiti chenye kipenyo cha sentimita 2.5 kupenya. Basi hata kwenye mazoezi yetu, mwalimu wa ngumi au karate anayempambanisha mwanafunzi mpya bila kinga ya kichwa na meno, eti vifaa ni ghali, hafundishi ujasiri. Anachezea macho ya watoto wa watu. Fedha zisipotosha, wanafunzi wajifunze kwanza kusimama, kukwepa na kujikinga, bila mpinzani.