Afya na Michezo: Pumzi ya Kipindi cha Pili

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Wapenzi wa kandanda wanapoikumbuka timu ya Brazili iliyotwaa Kombe la Dunia huko Meksiko mwaka 1970, aghalabu husifu mbio za Jairzinho, mashuti ya Rivelino na akili ya Pelé. Ni nadra mtu kumtaja Kapteni Cláudio Coutinho, afisa wa jeshi ambaye hakucheza hata dakika moja katika mashindano hayo. Hata hivyo, askari aliyezoea kuamshwa alfajiri ili akimbie ataielewa kazi ya kapteni huyo upesi kuliko mshabiki wa kawaida.

AIBU YA MWAKA 1966

Brazili ilikuwa imetwaa Kombe hilo mwaka 1958 na tena mwaka 1962. Ilipokwenda Uingereza mwaka 1966 ilijiona tayari imeshinda. Katika matayarisho waliitwa kambini wachezaji zaidi ya 40, wakazungushwa mji hata mji, na kikosi hakikutulia. Timu iliifunga Bulgaria mabao 2 kwa 0, kisha ikafungwa 3 kwa 1 na Hungaria, na 3 kwa 1 tena na Ureno. Ikarudi nyumbani mapema. Pelé alipigwa mateke hata akawa anachechemea uwanjani, na kwa uchungu akaapa kwamba hatacheza tena Kombe la Dunia.

Hapo ndipo penye swali linalomhusu kila mchezaji wa kulipwa. Mtu ambaye mshahara wake haukatiki, ambaye jina lake limekwisha kuvuma na nishani zake zimo kabatini, ni kitu gani kitakachomtoa kitandani kabla ya jua ili akajitese upya? Kijana asiye na kitu husukumwa na njaa ya kupata. Aliyekwisha kupata hana budi kutafuta msukumo mwingine ndani ya nafsi yake.

Pelé aliupata. Alikiacha kiapo chake na kurudi kikosini. Mwanzoni mwa mwaka 1970, alipokuwa na umri wa miaka 29, kocha João Saldanha alitilia shaka hata uwezo wake wa kuona. Mwezi Machi mwaka huo Saldanha aliondolewa, na nafasi yake ikashikwa na Mário Zagallo, aliyekuwa amecheza pamoja na Pelé katika ushindi wa mwaka 1958 na 1962. Pelé akawa na deni la kulipa mbele ya watu waliodhani amekwisha.

Mwenzake Tostão alikuwa na mtihani mkubwa zaidi. Mwaka 1969 mpira ulimpiga jichoni, akapasuliwa huko Houston, Marekani, na haikujulikana kama angeweza kucheza tena. Naye alirudi mazoezini.

KIPIMO CHA DAKIKA 12

Nia peke yake, hata hivyo, haimfikishi mtu mbali akiwa hana pumzi. Kwa ajili hiyo kazi ya mazoezi ya viungo ilikabidhiwa Admildo Chirol, akisaidiwa na Kapteni Coutinho na Carlos Alberto Parreira, ambaye mwaka 1994 aliiletea Brazili Kombe akiwa kocha mkuu. Coutinho alikuwa amejifunza njia za Dakta Kenneth Cooper, daktari wa Jeshi la Anga la Marekani, aliyezitoa katika kitabu chake cha mwaka 1968.

Kipimo cha Cooper ni chepesi kukieleza. Mtu hukimbia kwa dakika 12, kisha hupimwa umbali aliofika. Umbali huo huonyesha jinsi moyo na mapafu yake yanavyoweza kuipelekea misuli hewa inayohitaji. Faida yake ni kwamba huondoa ubishi. Mchezaji mashuhuri hawezi kujificha nyuma ya jina lake, wala mchezaji mnyonge hawezi kuonewa, kwa maana saa haimjui mtu. Kila mmoja hujua alipo na anapotakiwa kufika.

Huko Meksiko haja hiyo ilikuwa kubwa. Mexico City imejengwa kwenye mwinuko wa mita zipatazo 2,240 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi na mkimbiaji asiyezoea huishiwa pumzi upesi. Brazili ilikwenda wiki kadhaa mapema na kupiga kambi Guanajuato, mji wa milimani, ili miili ya wachezaji ipate kuzoea na damu iongeze uwezo wake wa kuchukua hewa.

MATUNDA YAKE

Msomaji na aangalie hesabu. Brazili ilicheza mechi 6, ikashinda zote na kufunga mabao 19. Kati ya hayo, 7 yalipatikana kipindi cha kwanza na 12 kipindi cha pili. Dhidi ya Chekoslovakia, Uruguay na Italia, timu zilikwenda mapumziko zikiwa sare ya 1 kwa 1, na mara zote tatu Brazili ikashinda baada ya kurudi uwanjani.

Katika fainali ya tarehe 21 Juni, iliyochezwa saa 6 mchana, ushindi ulikuwa wa mabao 4 kwa 1. Bao la mwisho lilifungwa dakika ya 86. Tostão, mshambuliaji aliyetoka kupasuliwa jicho, ndiye aliyerudi nyuma kusaidia kuupata mpira katika nusu yao wenyewe. Ulipita kwa wenzake kadhaa mpaka kwa Pelé, naye akausukuma taratibu upande wa kulia. Beki Carlos Alberto, nahodha wa timu, alikuwa ametoka mbio tangu nyuma, akaupiga moja kwa moja wavuni. Timu ilikuwa inaongoza kwa mabao mawili, na dakika zilikuwa zimebaki chache. Hakuna ambaye angewalaumu kama wangetembea.

Haki itendeke kwa Waitalia pia. Siku nne kabla walikuwa wamecheza dakika 120 dhidi ya Ujerumani ya Magharibi, na uchovu ulikuwa bado miilini mwao.

NGUVU NI MTUMISHI

Mwaka 1978 Coutinho mwenyewe aliiongoza Brazili kama kocha mkuu katika mashindano ya Ajentina. Timu haikufungwa hata mechi moja, lakini ilimaliza ya tatu. Pumzi ilikuwapo, ila mabao ya kuwapeleka fainali hayakutosha. Nguvu ni mtumishi wa ufundi. Ikipewa ubwana, mchezo hupungua.

NYUMBANI

Kipimo cha dakika 12 hakihitaji mitambo. Uwanja wa shule na saa vinatosha. Baba akikimbia, mtoto anaweza kushika saa na mama kuhesabu mizunguko, na wiki ijayo wapokezane zamu. Kwa mwanamume asiyezidi miaka 30, kupita mita 2,800, yaani mizunguko 7 ya njia ya mita 400, ni vizuri sana. Kati ya mita 2,000 na 2,400 ni wastani. Asiyefika mita 1,600 ana kazi kubwa mbele yake. Mwenye maradhi ya moyo au shinikizo la damu, na yeyote aliyepita miaka 35 bila mazoezi, amwone daktari kwanza, kisha aanze kwa kutembea.

Matokeo yaandikwe daftarini pamoja na tarehe. Baada ya miezi mitatu kila mtu atajilinganisha na nafsi yake mwenyewe, jambo ambalo Pelé na Tostão walilifanya kabla ya kukutana na Waitalia.