Yanayosemwa Mkunazini

Mgeni anayeshuka Unguja leo, kabla hajapelekwa pwani kustarehe, aghalabu hupitishwa Mkunazini. Kutoka Darajani, penye makelele ya wachuuzi na msongamano wa magari, ni hatua chache tu hadi kwenye ua wa Kanisa Kuu la Kristo la Waanglikana. Hapo huambiwa kwamba ndipo lilipokuwa soko la watumwa. Hilo ni kweli, wala halina mjadala. Lakini katika mengine anayoambiwa, si yote yenye uthabiti huo, na yapo mazito ambayo mara nyingi huondoka bila ya kuyasikia. Kwa kuwa habari hii inatuhusu sisi wa visiwa hivi kuliko inavyomhusu yeye, hatuna budi kuizungumza waziwazi.

Tarehe 5 Juni 1873 Sultani Barghash bin Said, baada ya kutishiwa kuzingirwa kwa manowari za Waingereza, alitia saini mkataba wa kupiga marufuku usafirishaji wa watumwa kwa njia ya bahari na kuyafunga masoko yao. Tarehe 25 Desemba ya mwaka huo huo likawekwa jiwe la msingi la kanisa. Mjenzi wake mkuu alikuwa Askofu Edward Steere wa Misheni ya Vyuo Vikuu, naye aliliezeka kwa kuba refu la matumbawe na saruji, bila ya boriti, hata wapo waliodhani kwamba litawaangukia waumini. Hadi leo limesimama. Steere alifariki mwaka 1882 na amezikwa nyuma ya madhabahu. Mbele ya madhabahu hiyo pana duara la marumaru, ambapo kwa mapokeo ya kanisa ndipo uliposimama mti wa kufungia watumwa na kuwachapa.

Askofu huyo ametuachia na jambo jingine. Kitabu chake cha kufundishia Kiswahili cha Unguja kilitoka mwaka 1870, na mwaka huo huo akatoa mkusanyo wa hadithi alizosimuliwa na wenyeji wa mji huu. Pale mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulipokichagua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, kazi hiyo ilikuwa imekwisha kutangulia. Walimu wake walikuwa watu wetu, na wengi wao hatuna hata majina yao.

Sasa tuje kwenye vyumba vya chini. Katika ua huo wamo watembezaji wanaowateremsha wageni katika vyumba viwili vidogo, vyenye dari ya kuinamia, na kuwaeleza kwamba humo ndimo watumwa walimolazwa wakingojea kunadiwa. Mgeni hutoka humo machozi yakimlengalenga. Lakini jengo lililo juu ya vyumba hivyo lilijengwa na Misheni baada ya soko kufungwa, na wapo wanahistoria wanaotilia shaka kwamba mtumwa yeyote aliwahi kuwekwa humo. Je, tunahitaji kuyaongeza mateso ambayo yenyewe yalipindukia kiasi? Minyororo iliyofungwa katika sanamu za watu watano, alizozichonga Clara Sörnäs mwaka 1998 na kuziweka katika shimo hapo uani, ni ya kweli. Hiyo inatosha kumtoa mtu machozi.

Hatulisemi hili kwa kutaka kumvunjia mtu riziki yake. Tunalisema kwa sababu humu visiwani wapo watu wanaopenda kutuambia kwamba utumwa wa Zanzibar ulikuwa jambo dogo, la upole, lililotiwa chumvi na wamisheni na wakoloni. Mtu wa namna hiyo hutafuta tundu moja la kuingilia. Akiambiwa kwamba vyumba vile vina shaka, hurukia kusema kwamba na soko lenyewe lina shaka. Kwa hiyo kila mtembezaji anayezidisha maneno mbele ya wageni anampa silaha mkanushaji, tena bila ya malipo.

Na yepi hayasemwi vya kutosha? Kwanza, kwamba mwaka 1873 lilifungwa soko, haukufungwa utumwa. Waliokuwa wakichuma karafuu Unguja na Pemba waliamka siku ya pili yake wakiwa watumwa vile vile. Kimbunga cha mwaka 1872 kilikuwa kimeiangamiza mikarafuu ya Unguja, na mzigo mkubwa wa zao hilo ukawa wa Pemba. Amri ya kuufuta utumwa haikutolewa hadi mwaka 1897, chini ya himaya ya Waingereza, na hata hapo mtumwa alitakiwa aende mwenyewe mahakamani kuomba uhuru wake, na aliyelipwa fidia ni bwana. Masuria waliachwa nje ya amri hiyo hadi mwaka 1909. Mgeni anayeondoka Mkunazini akidhani kwamba Mwingereza alikuja, akafunga soko, akajenga kanisa na mambo yakaisha, amesimuliwa hadithi ya Mwingereza.

Pili, biashara hiyo haikuwa ya kabila moja. Walikuwamo mabwana wa mashamba Waarabu na Waswahili, mabwanyenye wa Kihindi waliotoa mikopo, machifu wa bara waliouza mateka, Wafaransa waliotaka watu wa kulima miwa katika visiwa vyao vya Bahari ya Hindi. Walikuwamo na Wamarekani wa Salem, waliotuletea nguo tunayoiita merikani hadi leo, wakarudi na pembe za ndovu zilizobebwa hadi pwani mabegani mwa watu, watumwa wakiwemo. Tunajua jinsi siasa za visiwa hivi zilivyowahi kuumizwa na historia iliyogawiwa vipande, kila kundi likichukua kipande cha kumpigia mwenziwe. Neno mjinga, tunalolitupiana sokoni tukigombana, lilikuwa jina la mtu aliyeletwa karibuni kutoka bara kuuzwa. Watoto wetu wanalitumia na hawajui walipolitoa.

Hapa ndipo tunapowageukia wakubwa wanaohusika. Mwaka 2016, kwa fedha za Umoja wa Ulaya na msaada wa World Monuments Fund, kanisa lilikuwa limekarabatiwa na ukumbi wa maonesho ya historia ya biashara hiyo ukafunguliwa. Tunashukuru, hasa tukikumbuka kwamba Beit al Ajaib, jumba la huyo huyo Barghash, lilibomoka upande mmoja tarehe 25 Desemba 2020 na kuua watu wawili. Hata hivyo, katika misururu inayoingia katika ua ule, wengi ni wageni, na mwanafunzi wa Wete au Makunduchi anaweza kumaliza skuli bila ya kufika hapo hata mara moja. Sisi tulisoma chuoni kabla ya kusoma skuli, na hatuoni kwamba kuingia katika ua wa kanisa kuyatazama yaliyowapata babu zetu kunampunguzia mtoto wa Kiislamu dini yake.

Wizara ya elimu iweke ziara hiyo katika ratiba za skuli, Pemba ikiwemo, na igharimie vyombo vya usafiri. Wenye dhamana ya kutoa leseni kwa watembezaji wawape mafunzo ya historia pamoja na wanahistoria wetu wenyewe, wakiwafundisha lililothibitika na lililo mapokeo tu. Na juu ya mlango wa vyumba vile vya chini pawekwe kibao, kwa Kiswahili kwanza, kitakachosema jengo lilijengwa lini, na nani, na kwa kazi gani.