Kalamu ya Wino si Pambo la Mfukoni

Kalamu ya wino, ambayo wengi walidhani imekwisha zikwa pamoja na taa za chemni na sahani za santuri, imerudi mikononi mwa watu. Haikurudi maofisini, kwani huko kazi ni ya kompyuta na biro. Imerudi kwa wapenzi wake, vijana kwa wazee, walinganishao nibu na nibu na wino na wino, kama vile wengine walinganishavyo njiwa au ngalawa. Uraibu huu si mbaya hata kidogo. Hauchafui meno, hauondoi usingizi, wala haumnyang'anyi mtu akili yake.

Hata hivyo twaona ipo haja ya kusema neno mapema, kabla jambo halijaharibika. Wenye kuanza uraibu huu hupatwa na maradhi mawili. Wa kwanza hununua kalamu kumi kabla hajaandika kurasa kumi, akawa mlinzi wa ghala badala ya kuwa mwandishi. Wa pili hununua moja, ikamtia madoa kanzuni, ikakwaruza, ikakauka, naye akaitupa akasema kwamba mambo haya ni ya wazungu na matajiri. Wote wawili wamekosa kuambiwa mambo madogo. Na kwa hakika mambo yenyewe ni madogo.

Tuanze na hilo la kwamba kalamu hii ni ya wageni. Wasomaji wetu hawahitaji kukumbushwa heshima ya kalamu, maana Sura ya 68 ya Kurani Tukufu imeitwa kwa jina lake. Lakini wachache wajuao kwamba kalamu yenye kubeba wino wake tumboni ilitafutwa na Waislamu zaidi ya miaka elfu iliyopita. Khalifa al-Muizz wa ukoo wa Fatimi, aliyetawala tangu 953 mpaka 975, alitaka atengenezewe kalamu isiyohitaji kuchovywa, isiyomwaga wino hata ikipinduliwa, na isiyomchafua mtu vidole wala nguo. Habari hiyo aliiandika Kadhi al-Numan katika kitabu chake cha majilisi, na akasema kwamba fundi aliileta kalamu hiyo, nayo ilikuwa ya dhahabu. Karne nyingi baadaye, mwaka wa 1884, Lewis Waterman wa New York alipata hati ya uvumbuzi wa kalamu iliyotia wino kwa kipimo, na kutoka hapo biashara ikaenea ulimwenguni. Kwa hivyo mwenye kuishika leo hajishiki na kitu cha watu wengine.

Siri ya kalamu hii ni nyepesi. Chini ya nibu kipo kipande, aghalabu cheusi, chenye mifereji myembamba. Wino huteremka katika mifereji hiyo kama mafuta ya taa yapandavyo utambini, na kila tone litokapo, hewa kidogo huingia ndani kushika nafasi yake. Karatasi ikiguswa na ncha, huuvuta wino wenyewe. Ndiyo sababu kalamu ya wino haitaki kukandamizwa. Biro, aliyoipatia hati László Bíró wa Hungaria mwaka wa 1938, ina wino mzito kama ute, na kijigololi chake hakizunguki bila ya kusukumwa. Mkono uliozoea biro huja na nguvu zile zile kwenye nibu, ukazipanua meno zake mbili, na kalamu ikaharibika siku ya kwanza. Fundisho la kwanza kwa mwanafunzi, basi, ni hili: legeza mkono. Uzito wa kalamu yenyewe watosha.

La pili ni kuchagua. Anayeanza asidanganywe na dhahabu. Nibu ya dhahabu ya karati 14 ina dhahabu kama sehemu 58 katika mia, na bei yake huenda sambamba na jina. Lakini kinachogusa karatasi si dhahabu. Ni chembe ya madini magumu iliyochomelewa kwenye ncha, na chembe hiyo hupatikana pia katika nibu ya chuma kisichoshika kutu. Kalamu za bei nafuu ziko na ni za kutegemewa: Platinum Preppy na Pilot Metropolitan za Ujapani, Lamy Safari ya Ujerumani iliyoanza kuuzwa mwaka wa 1980, ambayo mahali pake pa kushikia pamechongwa ili kuvielekeza vidole, na Jinhao za Uchina kwa mwenye mfuko mwepesi. Nunua moja. Iandike mpaka mkono uijue, ndipo ufikirie ya pili.

Nibu huandikwa herufi F kwa nyembamba, M kwa ya kati na B kwa nene, na F ya Kijapani kwa kawaida ni nyembamba kuliko F ya Kijerumani. Mwenye mwandiko mdogo achukue F. Lakini kwa msomaji wetu anayeandika kwa hati za Kiarabu tuna nasaha nyingine. Mkono wa kulia uandikapo kuelekea kushoto, nibu husukumwa badala ya kuvutwa, na ncha nyembamba mno huchimba karatasi. Achukue M iliyo laini, auweke mkono chini ya mstari ili usipite juu ya wino mbichi, na achague wino unaokauka upesi. Na ikiwa anatamani ile tofauti ya unene na wembamba iliyokuwa ikitolewa na kalamu ya mwanzi, ziko nibu zilizokatwa bapa, kama zile za Lamy za milimita 1.1 na 1.5. Hazifikii mwanzi uliochongwa na fundi, lakini zaonyesha njia.

La tatu ni wino, na hapa ndipo kalamu nyingi zilipouawa. Wino wa kalamu hii ni rangi iliyoyeyuka katika maji na isiyoacha mashapo. Usitie wino wa masizi na gundi, usitie wino mweusi wa wachoraji, wala usitie zafarani ya kombe. Vyote hivyo vina mahali pake, ila vikikauka ndani ya ile mifereji huziba, na kuvizibua ni taabu. Nunua wino ulioandikwa kuwa ni wa kalamu ya aina hii, kama vile Quink ya Parker, iliyotoka mwaka wa 1931, au nyingine yoyote ya kiwanda kinachojulikana.

Wako wauzao wino katika vijibomba vya plastiki vya kutumia na kutupa. Vyafaa safarini, lakini kwa nyumbani ni hasara. Bora upate kile kibomba cha kuvutia wino, ukajaza kutoka kichupani. Kibomba hicho hubeba kama mililita moja au pungufu, basi kichupa cha mililita 50 chajaza mara 50 na zaidi. Haba na haba hujaza kibaba, na hapa kibaba kitakuandikia mwaka mzima au miwili.

Rangi nayo ina hukumu yake. Wino wa buluu unaoitwa wa kufulika hutoka nguoni kwa maji, nao ni mzuri kwa mwanafunzi, lakini kwa sababu hiyo hiyo hufifia juani na huyeyuka ukilowa. Usiuandikie wasia, wala deni, wala tarehe ya kuzaliwa mtoto. Kwa mambo ya kudumu tafuta wino ulioandikwa kuwa haufutiki. Upo wenye chumvi ya chuma, unaozidi kuwa mweusi ukipigwa na hewa na kushika katika nyuzi za karatasi, na upo wenye unga laini wa rangi. Wino wa namna hizo hudumu karatasini, lakini ukilala kalamuni muda mrefu bila ya kuoshwa, huziba mifereji au kula chuma. Mwenye kuutumia na asiwe mvivu wa kuosha. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari, nasi twaongeza kwamba daftari lenye wino wa kufutika halikukaa mbali na kutokuwa na daftari.

La nne ni karatasi. Wengi huilaumu kalamu na kosa ni la karatasi. Karatasi hafifu hunywa wino kama mchanga, herufi zikatoa miguu ya buibui na upande wa pili usiandikike. Unene peke yake si dawa, kinachotakiwa ni karatasi iliyopakwa wanga au gundi ya kutosha kiwandani. Kabla ya kununua daftari, omba ukurasa mmoja uandike neno na kulitazama nyuma.

La tano ni usafi. Kila ubadilishapo wino, na kila baada ya wiki chache hata usipobadilisha, vuta maji safi yasiyo ya moto na kuyatoa mpaka yatoke meupe. Usitumie spiriti, kwani huharibu plastiki. Ukimaliza kuandika, funika, maana upepo wa pwani hukausha nibu wazi kwa muda mfupi. Ukiichukua safarini, isimame nibu juu, na kwenye ndege iwe imejaa kabisa au tupu kabisa, kwa kuwa hewa iliyo tumboni mwake hupanuka ikasukuma wino nje.

Lipo pia neno kwa wenye masanduku ya wazee. Huenda chini ya hati za shamba na miwani iliyovunjika imelala Parker 51, kalamu iliyotoka mwaka wa 1941 na ikashikwa na makarani na walimu ulimwenguni kote. Usiivunje kwa kuilazimisha kufunguka. Iloweke nibu yake katika maji ya kawaida siku moja au mbili, ubadilishe maji kila yakichafuka, mpaka wino wa kale uachie. Zile za kuminya, zilizoanza mwaka wa 1948, mfuko wake aghalabu ungali mzima. Za kale zaidi zenye mpira uliooza zataka fundi. Kalamu ya babu iliyofufuliwa ina thamani kuliko mpya tatu za dukani.

Hayo ndiyo mambo madogo. Sasa tuje kwenye kubwa, ambalo ndilo lililotufanya tushike kalamu.

Pwani yetu ni nchi ya mwandiko. Siyu, katika kisiwa cha Pate, palipigwa nakala za misahafu kwa mkono, kwa wino mweusi na mwekundu, ambazo wataalamu hata leo huzitazama kwa mshangao. Utenzi wa Tambuka, aliouandika Mwengo bin Athumani huko Pate mwaka wa 1728, haukutufikia kwa mitambo. Ulitufikia kwa sababu watu walikaa chini wakaunakili. Muhammad Kijuma wa Lamu, aliyefariki mwaka wa 1945, aliandika kwa mkono wake tenzi nyingi kwa ajili ya wataalamu wa Ulaya, na leo anayetaka kuuona mwandiko wake huenda maktaba ya chuo cha SOAS, London. Ikiwa London wauhifadhi, sisi tumeuhifadhi nini?

Katika nyumba nyingi za Mombasa, Lamu na Malindi zingali ziko karatasi zilizoandikwa Kiswahili kwa hati za Kiarabu: mashairi ya kujibizana, barua za wasafiri wa jahazi, dawa, nasaba, madeni. Mchwa wazila kutoka chini na unyevu wazila kutoka juu. Na msiba mkubwa kuliko mchwa ni kwamba mjukuu akizishika hawezi kuzisoma. Alisoma chuoni herufi hizo zikiwa zimepigwa chapa na kutiwa irabu. Mwandiko wa haraka wa babu yake, usio na irabu, ni kiza kwake.

Yuko atakayesema: simu yapiga picha, kuna haja gani ya kalamu? Twakubali. Piga picha leo, wala usingoje kesho, kwani karatasi hiyo huenda isifike mwakani. Lakini picha ya maneno usiyoweza kuyasoma ni kama kisima usichokuwa na kamba yake. Na njia ya kuujua mwandiko ni kuuiga. Anayenakili beti kumi za babu yake kwa mkono, herufi kwa herufi, atajua alikuwa akiunganishaje, akikata wapi, akifupisha nini. Kazi hiyo haifanywi na kidole kiooni. Yataka kalamu nyepesi isiyochosha mkono, na kalamu ya wino ni chombo chake hasa.

Kwa hivyo nasaha yetu kwa kila anayeanza uraibu huu ni hii. Nunua kalamu moja, wino mmoja usiofutika, na daftari moja la karatasi njema. Kisha nenda kwa mzee wa nyumba, umsalimu, umwombe karatasi moja tu kutoka sandukuni. Inakili kwa hati ile ile ya Kiarabu, na upande wa pili uiandike kwa hati za Kirumi. Neno usilolijua mwulize angali hai. Chini yake tia jina la mtungaji, jina lako, na tarehe. Kesho omba ya pili. Kalamu ikivuja na kukutia doa, doa hilo ni hasara ndogo. Kilichopotea sandukuni hakitarudi.