Kaa ananenepeshwa, hafugwi

Jamani, najua mtacheka. Mtu wa Tunduma, zaidi ya kilomita 900 kutoka Dar es Salaam, anaandika habari za kaa wa baharini! Huku kwetu ukisema kaa, watu wanafikiria la kuchomea mahindi. Tunachokijua sisi ni dagaa, magunia kwa magunia yakivuka kwenda Zambia na Kongo. Kaa wa mikoko hapiti huku. Anafungwa magando na kupandishwa ndege akiwa hai kwenda China.

Ila nimechoka kusikia "ufugaji wa kaa" ukitajwa kila semina kama mkombozi wa vijana wa pwani. Ufugaji gani? Mara nyingi kinachofanyika ni kunenepesha tu: unamtoa kaa mdogo au aliyekonda kwenye mikoko, unamtia kizimbani, unamlisha mabaki ya samaki mpaka ajae nyama, unauza. Hakuna aliyezaliwa humo kizimbani.

Tatizo liko kwenye uzazi wake. Wale kaa wa mtoni tuliokuwa tukiwachokoa chini ya mawe utotoni, mama anabeba watoto tumboni wakiwa tayari kaa kamili. Wa mikoko sivyo. Jike akishapandwa anatoka kwenda baharini kutaga mayai, mamilioni kabisa. Vifaranga wanaelea huko wiki kadhaa, na wachache wanaosalimika ndio wanarudi mikokoni kukua. Sasa jike anayependwa mezani ni yule mwenye mayai ya rangi ya chungwa ndani, yaani yule anayejiandaa kusafiri. Tunamkamatia stendi kabla basi halijafika. Na mikoko yenyewe, hata ya delta ya Rufiji ambayo ndiyo mingi kuliko yote nchini, imefyekwa sehemu nyingine kupisha mpunga.

Vietnam wanatotolesha vifaranga wa kaa miaka mingi sasa. Hela za semina ziende huko.

Kuhusu jike mwenye mayai, msimrukie mvuvi. Yule anazama kwenye tope hadi magotini na fimbo yake ya ndoano, analipwa kwa kilo. Mwambie amwache jike mnono, atakuuliza wanawe wale nini, na ana haki. Mimi ningeanza kumbana mnunuzi anayesafirisha nje. Akimkataa jike huyo kwenye mizani, nani atahangaika kumtoa shimoni?