Jina la Mpita Njia

Ndugu msomaji, ikiwa wasoma Mukumu, au popote karibu na Kakamega, huenda siku moja ukafungua kitabu cha zamani cha safari, ukakuta kwamba wazee wa nchi hiyo waliitwa Wakavirondo. Waulize watu wa Isukha na Idakho ni babu yupi aliyejiita hivyo. Hutampata.

Joseph Thomson, Mskoti, alipita upande huo mwishoni mwa mwaka 1883, na kitabu chake kikatoka mwaka 1885. Yeye, na wasafiri wengi waliomfuata, waliwafunika kwa jina hilo moja Waluo na makabila ambayo leo twayaita Waluhya, watu ambao lugha zao hazina ujamaa wowote. Ni sawasawa na mgeni aliyekutana na Mturuki na Mwingereza akawaandika kabila moja!

Watetezi wake husema hakulitunga jina hilo. Alilikuta vinywani mwa watu wa misafara ya pwani. Kweli, na lawama hiyo sisi wasemaji wa Kiswahili hatuna budi kuipokea. Lakini mchuuzi alitaka jina la mahali pa kununulia chakula na pembe, basi. Hakudai kuwaeleza walimwengu tabia za watu. Aliyedai ni mwenye kitabu. Naye alisafiri pamoja na Jumba Kimameta wa Pangani, mzoefu wa njia za bara, na wenyeji walisimama mbele yake. Wa kuulizwa walikuwapo.

Jambo lililowapendeza zaidi wasafiri hao ni uchi, hawachoki kuutaja. Hali kwa wengi wa watu hao mwanamke aliyeolewa alijulikana kwa mkia wa nyuzi aliouvaa, na mwanamume kuugusa ovyo lilikuwa kosa kubwa. Palipokuwa na sheria kali ya mavazi, msomaji wa London aliambiwa hapana nguo.

Wala usidhani mambo haya yaliishia kitabuni. Serikali ya kikoloni ililitwaa jina, ikaiita wilaya nzima Kavirondo ya Kaskazini, na watu wakahesabiwa na kutozwa kodi chini ya jina la mpita njia. Wenyewe walipojichagulia jina, katika miaka ya 1930 na 1940, walichagua Abaluyia. Hata Ghuba ya Kavirondo siku hizi yaitwa Winam. Vitabu, lakini, vimo makabatini vile vile, na wako wangali wanavisoma kana kwamba mtu aliyelala siku chache katika nchi aliishi humo.