Bundi Si Mkosi



Katika nyumba nyingi za Mbeya na Iringa, bundi akilia juu ya paa usiku, mama huwavuta watoto ndani na baba hutoka na jiwe. Yasemwa kuwa ndege huyo analeta khabari ya mauti, au ametumwa na mchawi. Nao vijana wetu wenye kamera na simu za mkononi wanataka kumpiga picha na kumjua ni bundi wa namna gani, lakini wazee wao huwakataza kwa khofu ya mkosi. Jambo hili lina sehemu mbili: itikadi na elimu.

Ama itikadi, Waarabu wa zama za ujahili nao walikuwa na khofu hiyo. Walidhani kwamba mtu aliyeuawa asilipiziwe kisasi, hutoka kichwani mwake ndege akalia kaburini. Ndege huyo walimwita hama. Mtume wetu (s.a.w.) aliibatilisha itikadi hiyo pamoja na mikosi yote ya ndege, na Hadithi yake imo katika Bukhari na Muslim. Mgonjwa akifa usiku ambao bundi alilia, basi ajali yake imefika. Ni mara ngapi bundi amelia na watu wote wakaamka wazima? Siku hizo hakuna azihesabuye.

Tena khofu hii haiishii kwa ndege. Mwenye kuamini kuwa bundi ametumwa, kesho atamtafuta aliyemtuma, naye humwona katika jirani yake mzee. Katika nchi yetu wazee, khasa wanawake, wameuawa kwa tuhuma za uchawi. Damu hiyo huanzia katika maneno madogo yasemwayo mbele ya watoto.

Ama elimu, bundi ni wa namna nyingi. Kijana na atazame mambo manne: ukubwa, rangi ya macho, manyoya ya kichwani, na sauti. Yule akaaye darini na katika magofu ana uso mweupe wenye umbo la moyo na macho meusi. Hupiga ukelele mkavu, na huo ndio uwatishao watu zaidi. Mwingine ana madoadoa, macho ya manjano, na manyoya mawili yaliyosimama kama masikio. Aliye mkubwa kuliko bundi wote wa Afrika ni wa kijivu, macho yake meusi na kope zake za rangi ya waridi. Huonekana katika Hifadhi ya Ruaha, amelala mchana juu ya miti mikubwa. Yuko na mdogo wa kiasi cha sentimita 20, mwenye mabaka mawili meusi kisogoni mfano wa macho, naye huonekana hata mchana. Katika misitu kama ya Udzungwa yumo mwenye kichwa cha mviringo kisicho na manyoya yaliyosimama, ambaye mume na mke huitikiana usiku.

Njia nyepesi ya kumpata ni kutazama chini ya miti mchana. Penye kinyesi cheupe na vitonge vya manyoya, inua macho taratibu. Vitonge hivyo bundi huvitapika. Ukikivunja kimoja kwa kijiti utaona mifupa ya panya. Basi mwenye kihenge cha mahindi ana mlinzi asiyedai mshahara, naye humpiga mawe! Wengine huwatilia panya sumu, na bundi amlaye panya huyo hufa naye.

Upigaji picha nao una adabu zake. Usimmulike bundi usoni kwa taa ya kamera, kwani macho yake yameumbwa kwa mwangaza mdogo. Usimrushie kitu ili aruke. Usikaribie kiota, wako bundi watagao chini majanini, na mama akikimbia mayai hupoa. Mtume (s.a.w.) aliamuru makinda yarudishwe kwa mama yao alipomwona ndege akihangaika. Katika hifadhi usishuke garini wala kutembea usiku pasipo idhini ya askari wake. Simama mbali, tumia darubini, kisha andika daftarini siku, saa, mahali na sauti. Masheikh wamekhitilafiana juu ya picha za kamera. Anayejizuia, daftari lamtosha.

Enyi wazazi, waondoleeni watoto manati. Mtume (s.a.w.) amekataza kumfanya kiumbe chenye roho kuwa shabaha. Na bundi akilia usiku huu, mwambieni mtoto: huyo ni ndege anayetafuta riziki yake, kama baba yako anavyoitafuta mchana. Kisha laleni kwa amani.

Wabillahi tawfiq.